Karatasi ya Kapu la Jumanne

Kama uko mezani, sogeza sahani kwanza. Simlazimishi mtu, ila usije ukasema hukuonywa. Mambo haya yalimpata kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, na karatasi yenyewe nimeishika kwa vidole vyangu hivi, siku ambayo wanaume wazima wenye ndevu walisimama mlangoni wakijifanya wanapokea simu.

Ilianza Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Jua la wastani, ardhi ina unyevu wa mvua ya juzi, na banda la kuchambulia uyoga nyuma ya nyumba ya shangazi limejaa makapu. Banda lenyewe si la kumringia mtu: kuta za mbao, meza ndefu iliyopigwa bati juu, dirisha moja, jiko dogo la shangazi chini ya dirisha, na kwenye kona tanuri la kukaushia. Tanuri lilikuwa la jamaa tuliyemwita Moshi, kwa sababu hata akitoka kuoga alinuka moshi. Meza ilikuwa ya shangazi. Msituni alikuwa anaingia kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisu.

Shangazi walimwita Bi Karatasi. Hapa fungua masikio, maana ndiyo mzizi wa yote. Kuna uyoga wa aina mbili msituni kule wanaofanana kama pacha waliovalishwa na mama mmoja. Wa kwanza tunamwita Bibi Harusi: mweupe pe, kofia ya mviringo, shingoni kisketi chembamba. Mtamu mpaka unaulaumu mdomo kwa kuwa mmoja. Wa pili tunamwita Mpambe. Mweupe vilevile, kofia vilevile, kisketi vilevile. Kwenye harusi, bwana harusi akimchanganya mpambe na bibi harusi, shauri yake. Kwenye sufuria, ukiwachanganya, shauri ya wachimba kaburi.

Shangazi aliwatenganisha kwa njia tatu. Ya kwanza ni mguu. Mpambe huzaliwa ndani ya kifuko, na kifuko kile hubaki chini ya udongo kimemzunguka mguu kama soksi iliyoshuka. Ndiyo maana uyoga huchimbwa kwa vidole ukatoka mzima, haukatwi. Ya pili ni zile kurasa nyembamba chini ya kofia. Za Bibi Harusi huanza na rangi ya waridi zikaishia kahawia. Za Mpambe hubaki nyeupe mpaka zioze. Lakini Bibi Harusi akiwa mchanga naye kurasa zake huwa zimepauka, na hapo ndipo wajuaji wengi walipolala na hawakuamka.

Ya tatu ilikuwa karatasi. Nusu nyeusi, nusu nyeupe. Unakata kofia, unailaza kifudifudi katikati, unaifunika kwa bilauri, unaiacha mpaka kesho yake. Kofia hudondosha unga wake taratibu, na ukiiinua unakuta mchoro: mistari myembamba imetoka katikati kama miale. Unga wa kahawia ni Bibi Harusi. Unga mweupe ni Mpambe. Chini ya kila mchoro shangazi aliandika kwa penseli siku ya kapu, kisha "Wa kuliwa" au "Wa kuua", kwa herufi zake zilizolala kwa nyuma kama watu wanaosukumwa kifuani. Halafu akafungia kwenye jalada.

Na bado hakuishia hapo. Akishaandika "Wa kuliwa", alichukua konzi moja, akaipika kwenye kisufuria chake chenye mfuniko uliobonyea, akaila mwenyewe. Kapu lilisubiri siku nzima ndipo liende tanurini.

"Siwezi kumlisha mtoto wa mtu kitu ambacho hakijalala tumboni mwangu," alikuwa akisema.

Sasa Kisu. Kaka yangu nampenda, Mungu amrehemu, lakini uvivu wake ungeweza kupangishiwa chumba. Jumanne ile alirudi msituni mapema mno, kapu limejaa, uyoga msafi unang'aa. Moshi akauchungulia.

"Wee Kisu, miguu ya hawa iko wapi?"

"Imebaki msituni. Kwani wewe unakula miguu?"

"Umekata na kisu! Bi Karatasi atakuchambua wewe leo."

"Si unaona walivyo wasafi? Hata udongo hakuna. Nyamaza basi, tanuri lako linakuita."

Shangazi aliwaona, akavuta midomo. "Nani kawakata hawa?"

"Ardhi ilikuwa ngumu, shangazi."

"Ardhi iliyonyeshewa juzi?" Akamtazama kidogo. "Haya, mwanangu. Mguu hatunao, tutaisikiliza karatasi. Mlaze mmoja, nami kesho nisome."

Kisu akasema sawa. Halafu akakumbuka kwamba kulikuwa na mechi. Akaondoka. Hata hiyo kofia moja hakuilaza.

Jumatano asubuhi alifika bandani na jasho la mtu aliyeamka na deni. Shangazi alikuwa bado anajifunga kitambaa ndani. Kisu akafungua jalada, akachomoa karatasi ya Ijumaa iliyopita, yenye mchoro mzuri wa kahawia, akakata kwa kisu kile kipande cha chini chenye maandishi. Akaiweka mezani, akaweka kofia juu, akafunika na bilauri. Shangazi akaja, akainua, akaona kahawia. Akaigeuza mara mbili.

"Mbona karatasi hii fupi?"

"Ndiyo zilizobaki, shangazi."

Akaandika kwa kujibana: Wa kuliwa. Akapika konzi yake. Akala. Akalamba hata kijiko.

Kabla ya mapambazuko ya Alhamisi alianza kutapika. Sitaki kukuelezea, lakini nitakuelezea. Alitapika mpaka ikawa maji, maji yakawa ya kijani, na chini kilikuwa kinatoka kitu kama maji ya mchele uliooshwa, bila kusita, yeye akiwa amekaa kwenye beseni kama mtoto huku anaomba radhi. Kisu ndiye aliyelimwaga beseni lile. Mara tisa. Zahanati, shangazi akiwa hawezi tena kusema, waliuliza swali moja tu.

"Alikula nini?"

Kaka akafungua mdomo. Kusema uyoga ni kusema karatasi.

"Maharage," akasema. "Yalilala."

Wakampa dawa za maharage. Kapu akalimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya banda, kwa hiyo hakuna mwingine aliyekula. Na Ijumaa shangazi akapona! Akakaa kitandani, akanywa chai, akamtania Moshi. Nyumba ikafurahi. Lakini wajuzi wa uyoga wanaijua siku hiyo, na shangazi aliijua kuliko wote. Mpambe hukupa siku moja ya kucheka wakati anamalizia kulila ini lako. Akamwita Kisu, akamshika mkono.

"Mwanangu, niletee karatasi ya kapu lile."

"Niliichoma, shangazi. Na takataka."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano.

"Basi," akanong'ona, "nitaitandika mwenyewe."

Jumatatu tukamzika.

Wiki mbili baadaye Kisu akaketi kwenye meza ya shangazi. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyekuwa amelelewa humo. Mkewe, shemeji yangu, alikuwa na mimba ya miezi saba na alijivuna kwamba mumewe sasa ndiye mchambuzi. Siku ya kwanza ikapita vizuri. Siku ya pili Moshi akaanza kunusanusa.

"Kuna kitu kimekufia hapa?"

Ilikuwa harufu tamu. Tamu ya kuchefua, kama asali iliyochachia ndani ya kiatu. Wakatafuta panya, wasimpate. Harufu ilitoka kwenye kiti cha shangazi. Kisu akageuza mto wa kiti, na upande wa chini, pale alipokuwa akikaa marehemu, kitambaa kilikuwa kimeota. Vichwa vyeupe, vidogo kama mayai ya mjusi, vimejipanga kufuata umbo la makalio yake, kushoto na kulia.

Moshi akacheka. "Bi Karatasi kakuachia shamba."

Kisu akafuta kwa tambara. Vichwa vikapasuka. Ute ukamwagika vidoleni mwake, vuguvugu, kama kamasi la mtu mwenye homa, na ndani ya ute kulikuwa na nywele za mvi. Kimoja hakikupasuka. Akakishika kwa chini na, kwa mazoea aliyofundishwa, safari hii hakukata. Alichimba kwa vidole, akakitoa kizima. Mguuni kilikuwa na soksi. Akaipasua.

Ndani ya soksi kulikuwa na ukucha. Wa kidole gumba, uliopinda upande mmoja. Wa shangazi ulipinda hivyohivyo.

Hakumwambia mtu. Akala mchana kama kawaida, au tuseme alijaribu.

Asubuhi ya tatu shemeji aliamka akajikung'uta bega. Gauni lake la kulalia lilikuwa jeusi, na pale mumewe alipokuwa amemhemea kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda.

"Mume wangu, umelalia unga?"

"Unga wa nini?"

"Mimi nitajuaje? Na mdomo wako, samahani, unanuka kama kabati la chini ya sinki."

Kaka akaenda kwenye kioo cha bafuni. Akafungua mdomo. Hakuona kitu. Akarudisha kichwa nyuma, akawasha tochi ya simu, akaielekeza juu.

Kaakaa lake lilikuwa limejipanga kurasa.

Nyembamba. Nyeupe. Nyingi. Zilianzia nyuma ya meno zikaenda mpaka kooni, na alipopumua zilitikisika zote pamoja. Akachukua kijiko, akakwangua. Ikatoka moja, laini, imekunjamana ulimini. Alitaka kuitema. Wallahi alitaka. Lakini ilikuwa tamu, tamu kama Bibi Harusi aliyekaangwa vizuri, na koo likafanya kazi yake kabla yeye hajaamua. Akameza. Akashika sinki akalia, huku ulimi wake unatafuta nyingine.

Hapo mtu mwenye akili angemwita mkewe akasema: nilibadilisha karatasi, nilimuua shangazi, nisaidie. Kaka yangu alinunua dawa ya kusukutua. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini Kisu alitaka kwanza ajaribu kwa mnanaa.

Alhamisi asubuhi wakakaa kunywa chai. Shemeji alikuwa anasimulia jinsi mtoto alivyompiga teke, mkono mmoja juu ya tumbo, kikombe mkononi. Kisu akakohoa. Mara moja tu. Akaona vumbi jeupe likitoka mdomoni mwake, likielea kwenye mwanga wa dirisha, likishuka taratibu bila haraka yoyote, mpaka kwenye kikombe cha mkewe. Likatanda juu ya chai kama utando. Shemeji akainua kikombe.

Kisu akakipiga kofi. Kikaenda ukutani.

"Una wazimu wewe?" Shemeji alikuwa amelowa. "Nimekukosea nini?"

"Usinywe. Usinywe kitu nilichokaa karibu nacho."

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo, akaufunga haraka asije akakohoa tena. Akatoka mbio. Kilichomkimbiza sasa hakikuwa shangazi. Kilikuwa lile tumbo. Mchuma janga hula na wa kwao, na kaka alikuwa mchumaji kwa kazi.

Alifika bandani saa sita, jua liko utosini. Moshi alikuwa ameenda kula. Tanuri lilikuwa limepoa nusu. Kisu alikuwa amepiga hesabu ya kijinga: lichomwe jalada lote, karatasi zote, kusibaki kitu cha kusomwa. Akalitoa kabatini. Lilikuwa zito. Lilikuwa limelowa. Akalifungua, na kila mchoro, wa kahawia na mweupe, ulikuwa umefutika. Karatasi zote tupu.

Ila moja haikuwemo. Ilikuwa mezani.

Nusu nyeusi, nusu nyeupe. Kubwa kama shuka la mtoto. Mpya.

Kiti kikalia nyuma yake. Kile kilio cha mbao cha mtu mnene anayeketi.

Harufu ya asali ikaja.

"Mwanangu." Sauti ilikuwa ya mdomo uliojaa. "Niletee karatasi ya kapu lile."

Hakugeuka. Shingo ilikataa. Alijua jibu la kusema. Lilikuwa ulimini, juu ya kurasa. Maneno matatu tu: ni mimi, shangazi. Lakini mazoea ni mazoea.

"Niliichoma," akasema.

Kiti kikalia tena.

"Basi nitaitandika mwenyewe."

Kiganja kikamshika kisogo. Kilikuwa baridi, na kiliteleza. Hakikusukuma kwa nguvu. Kilimlaza kwa upole, kama mtu anavyolaza kofia asivunje kurasa. Kifudifudi. Katikati. Halafu mwanga ukapungua pande zote, kama amefunikwa na kitu cha kioo.

Moshi na shemeji walimkuta saa kumi. Alikuwa amelala na uso mezani, macho wazi, mdomo wazi, anapumua. Walimwita, asisikie. Wakamshika mabega wakamnyanyua, na uso ulitoka kwenye karatasi kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda kibichi. Moshi akatapika ndani ya kapu. Tangu siku hiyo hajanitania tena, maana akianza tu namkumbusha kutapika kwake.

Kwenye nusu nyeupe hukuona kitu. Kwenye nusu nyeusi kulikuwa na nusu ya uso wa kaka. Paji, jicho, shavu, pembe ya mdomo, vyote vimechorwa kwa mistari myeupe myembamba iliyotoka katikati kama miale. Chini, kwa penseli, herufi zimelala kwa nyuma:

Kapu la Jumanne. Wa kuua.

Usiku kucha alitapika. Kijani, halafu maji ya mchele. Kesho yake akapona. Akakaa kitandani, akacheka, akaomba chai, na kaakaa lake lilikuwa safi kabisa. Ndipo alipomwambia mkewe yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele yangu, bila kuficha hata ile mechi. Shemeji alisikiliza bila kulia.

"Ile chai," kaka akauliza kwa sauti ndogo. "Hukuinywa, sivyo?"

"Ile hapana."

Akashusha pumzi.

"Lakini ya juzi yake nilikunywa," shemeji akasema. "Na ya siku iliyotangulia. Nilidhani ni maziwa ya unga."

Jumatatu tukamzika naye.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili, wa kike, mnene, ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Kila mtu alisema kamtoa baba yake pua. Shemeji hakuchangia. Alikuwa mtu wa kusubiri. Siku moja alishona kitambaa cheusi na kitambaa cheupe vikawa shuka moja, akalitandika, akamlaza mtoto kifudifudi katikati ya mshono, akaketi kando yake, mkono mgongoni, bila kupepesa macho mpaka mtoto alipomaliza usingizi wake wa mchana. Alipomnyanyua, mchoro ulikuwepo.

Kwenye nusu nyeusi, hakuna kitu. Kwenye nusu nyeupe, shavu dogo na kipua, kwa mistari laini ya kahawia.

Tulisikia kelele zake tukiwa uani. "Kahawia! Njooni muone, ni kahawia! Siyo kama baba yake!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamchuruzika, mtoto kamkumbatia, anamvuta mkono Moshi wacheze. Moshi akacheza. Wazee wakasema alhamdulillahi. Ndipo wale wenye ndevu walipoikumbuka na karatasi ya kaka iliyokuwa kabatini, wakataka ichomwe, na hakuna aliyekuwa tayari kuishika. Nikasema nipisheni. Nikaichukua, nikaipeleka bandani, nikaitia tanurini.

Nilirudi kulikunja shuka. Wenzangu walikuwa wanaangalia mchoro tu. Mimi niliangalia pindo.

Kwa penseli. Herufi zimelala kwa nyuma. Hakuna siku, hakuna kapu. Maneno mawili: Wa kuliwa.

Sikumwambia shemeji. Nililikunja lile pindo ndani, nikatembea mpaka bandani, taratibu, kama mtu anayefuata kitu alichosahau. Kisufuria cha shangazi tulikuwa tumekifungia kabatini tangu siku ya mazishi yake.

Kilikuwa juu ya jiko. Kimeoshwa. Mfuniko uliobonyea ulikuwa pembeni yake, na maji yalikuwa bado yanadondoka.